Mguu wa Kulia na Daftari: Kuitambua Kazi Bora ya Kubana Dizeli

Chukua Land Cruiser pikapu mpya yenye injini ya 1HZ, uwape madereva wawili kwa zamu, barabara ileile na mzigo uleule. Watarudi na hesabu mbili za dizeli. Injini hiyo ya silinda sita, yenye sentimita za ujazo 4,164 na isiyo na turbo, ipo tangu 1990, na mafundi wa Afrika Mashariki wanaijua ndani nje. Tofauti inatoka kwa aliyeshika usukani. Kubana mafuta kwenye gari zito ni ufundi kamili, wenye wajuzi wake na wababaishaji wake, na tajiri anayekabidhi gari jipya anastahili kujua namna ya kuwatofautisha.

Mimi huanzia kwenye kupima, kwa sababu hapo ndipo ubabaishaji unapojificha zaidi. Mbabaishaji atakwambia gari “linakwenda nane kwa lita”, na ukimbana zaidi utagundua ameikadiria kwa mshale wa geji. Mjuzi hana namba ya kukutajia haraka namna hiyo. Ana daftari.

Mwangalie akifika sheli. Anaingiza gari kwenye pampu aliyoitumia mara iliyopita kama iko wazi, anasimama mahali tambarare, anazima injini, anaandika kilomita kabla bomba halijaingia tangini.

“Jaza mpaka ikate yenyewe, dada, halafu usiongeze.”

“Nisiifikishe laki mbili kamili, kaka, tusisumbuane na chenji?”

“Iache hapohapo. Nitalipa ilivyo.”

Katika maneno hayo machache kuna nusu ya ufundi wote. Dizeli inatoa povu, na ukiendelea kubonyeza baada ya pampu kukata unaweza kuongeza lita moja au mbili ambazo safari iliyopita haikuzitumia. Kwenye ujazaji wa lita 60, lita mbili ni zaidi ya asilimia tatu. Faida unayoitafuta kwenye upepo wa matairi huwa ni kiasi hichohicho au chini yake, kwa hiyo mazoea ya kufikisha hela kamili yanaweza kukufichia faida halisi au kukubunia isiyokuwepo. Kwa sababu hiyohiyo mjuzi hahukumu kwa ujazaji mmoja. Anajumlisha kadhaa mfululizo, na kama pikapu ina matangi mawili anajaza yote mawili au haandiki kitu.

Jambo la pili la kukagua ni kilomita zenyewe. Matairi ya saizi ya 225/95R16, ambayo pikapu nyingi za aina hii huja nayo, yana kipenyo cha karibu milimita 834. Mtu akiyatoa akafunga 265/70R16, kipenyo kinashuka hadi karibu 777. Tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na odometa inahesabu mizunguko, haioni barabara. Safari ya kilomita 100 itaandikwa kama kilomita 107. Gari lililokuwa linakwenda saba kwa lita sasa “linakwenda saba na nusu”, na aliyeuza matairi anasifiwa kwa dizeli ambayo bado inaungua vilevile. Dawa yake ni rahisi: barabara kuu zetu zina vibao vya kilomita. Pita vibao kumi au ishirini kwa mwendo wa kawaida, ulinganishe na odometa, kisha andika tofauti kwenye jalada la daftari.

Kwa magari mazito napenda hesabu igeuzwe kabisa, iwe lita ngapi kwa kilomita 100. Ukilipandisha gari kutoka kilomita tano kwa lita hadi sita, umeokoa lita 3.3 katika kila kilomita 100. Ukilipandisha gari dogo kutoka kumi hadi kumi na moja, umeokoa lita 0.9 tu. Kwa namna yetu ya kawaida ya kusema, yote mawili yanaonekana ni kilomita moja tu imeongezeka, na matajiri wengi huhangaika na gari dogo la ofisini huku pikapu ya saiti ikibwia mafuta bila mtu kuiuliza.

Kwa gari jipya kuna subira pia. Injini, gia boksi na difu vinahitaji kama kilomita 5,000 hadi 8,000 kuzoeana, na ulaji wa mwezi wa kwanza si wa kumhukumia mtu. Anayeanza kurekebisha hili na lile kabla ya hapo atajipa sifa ya kazi iliyofanywa na vyuma vyenyewe.

Sasa matairi. Upepo hupimwa asubuhi kabla gari halijatembea, na dereva anayepima baada ya safari anapima joto. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila psi moja inayopungua kwenye matairi yote inapoteza karibu asilimia 0.2 ya mafuta. Ni kidogo, lakini gari lililoachwa na upungufu wa psi kumi kwa miezi linalipa asilimia mbili kila siku, na matairi yanaisha pembeni. Mjuzi utamtambua kwa geji yake mwenyewe iliyo mfukoni mwa mlango, na kwa kujua kwamba matairi ya nyuma yanataka upepo tofauti gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Ama kuhusu matairi mapana ya 285/75R16, yanayopendwa kwa kulipa gari sura ya kibabe, kipenyo chake ni kilekile cha 225/95, kwa hiyo odometa haidanganyi. Tairi lenyewe ni pana na zito zaidi. Kwenye tope laini lina faida zake. Kwenye lami kutoka Dar hadi Mbeya unalisukuma bure.

Nimefika kwenye lami, na hapa ndipo ninapopenda kukaa kiti cha abiria na kumtazama mtu akifanya kazi. Sitazami spidi kwanza. Natazama taa za breki, au kama niko ndani, mara ngapi mguu unahamia kanyagio la kati. Gari la tani tatu linalokwenda kilomita 80 kwa saa limebeba nishati ambayo, ukizingatia kiasi ambacho injini ya dizeli inapoteza kwa joto, imegharimu kama mililita 75 za mafuta. Lisimamishe kwa breki mara 13 au 14 na lita moja imegeuka vumbi na joto kwenye magurudumu. Hesabu sasa matuta na vijiji kati ya Chalinze na Morogoro. Dereva mzuri anakiona kibao cha 50 kikiwa mbali, anaachia mafuta akiwa bado kwenye gia, na gari linafika kwenye tuta likiwa limepoa lenyewe. Wakati huo pampu haipeleki dizeli kabisa, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Anayeweka nyutro ili “gari liteleze” anailazimisha injini ichome dizeli ili isizime, na kwenye mteremko mkali anaziachia breki kazi ambayo gia ingefanya. Mtu akishuka mlima Kitonga na nyutro, sihitaji kuona daftari lake. Mshushe.

Kuipanda Kitonga ndiyo mtihani ninaoupenda kuliko yote. 1HZ inatoa nguvu yake kubwa ya kuvuta, mita-niutoni 285, kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Juu ya hapo kelele inaongezeka kuliko mvuto. Fundi wa usukani anabadili gia mapema kabla injini haijaanza kulalamika, anaibakiza jirani na namba hiyo, na mguu wake hauendi sakafuni. Geuka utazame kioo cha pembeni: moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua, fedha unayoiona ikipaa. Ukishafika nyanda za juu jambo hili linakuwa kali zaidi, kwa sababu Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na turbo haina namna ya kuifidia. Ukikanyaga kama uko Kibaha unaongeza moshi, huongezi mwendo. Pikapu mpya zenye injini ya lita 2.8 na turbo zinavumilia zaidi mwinuko, na dereva aliyetoka 1HZ inabidi ajifunze upya kutumia mvuto wa chini badala ya kuikimbiza.

Mwendo wa safari hauna mjadala mrefu. Ukuta wa hewa unakua kwa mraba wa spidi: kutoka 80 hadi 100, nguvu ya upepo inayokurudisha nyuma inaongezeka kwa asilimia 56, na gari lenye uso wa sanduku kama hili linaihisi yote. Kwenye 80, gia ya tano, injini iko karibu na mizunguko 2,000. Pale ndipo kwake.

Kagua pia vilivyofungwa juu. Keria tupu ya chuma, turubai linalopigapiga kwa sababu kamba haikukazwa, winchi ambayo haijawahi kuvuta kitu, tairi la akiba la pili kwa safari za mjini. Kila kimoja kina siku yake, na mjuzi hukiondoa siku hiyo ikiisha. Angalia na vizibo vya katikati ya magurudumu ya mbele: kama viko LOCK gari likiwa kwenye lami, basi shafti na difu ya mbele vinazungushwa kwa dizeli yako bila kazi yoyote. Kuvirudisha FREE ni kazi ya nusu dakika.

Kuhusu sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta na chupa za dawa ya tangi, EPA, shirika la Marekani la kulinda mazingira, limeshapima zaidi ya vifaa 100 vinavyodai kuokoa mafuta na kukuta vichache mno vyenye faida yoyote. Fedha hiyo nunua filta halisi ya hewa, kwa sababu vumbi la barabara za mchanga linaziba filta kabla kitabu cha gari hakijasema ibadilishwe.

Mwisho rudi kwenye daftari ulisome kama tajiri anavyosoma hesabu za duka. Namba moja nzuri isikupumbaze. Tafuta namba za lita kwa kilomita 100 zinazokaa pamoja, kumi na tatu, kumi na tatu na nusu, kumi na tatu, na pembeni maelezo mafupi: mzigo wa saruji, mvua, foleni Kimara. Mtu anayeandika sababu za tofauti anaijua kazi yake. Lakini ukiona ulaji umeruka ghafla lita tatu kwa kila kilomita 100, na moshi ni uleule, matairi ni yaleyale na barabara ni ileile, usikimbilie gereji. Lala chini ukague mabomba ya dizeli kama yanavuja, kagua kifuniko cha tangi kama kina mikwaruzo, kisha uliza wiki hiyo gari lilikuwa linalala wapi.