Mkono Usiokanda

Ukiketi kwenye mkahawa wa chai kule Uingereza, usianze na bei wala aina za jamu. Muulize mhudumu skonzi zimetoka kwenye oveni saa ngapi. Akikuomba usubiri kidogo kwa kuwa ndiyo kwanza zinatolewa, subiri kwa moyo mweupe. Akijibu "za leo hizo" huku macho yake yako mlangoni, agiza keki. Umri wa skonzi hauhesabiwi kwa siku. Ikitoka motoni, ukoko wake wa juu ni mkavu na ndani bado kuna mvuke. Jioni imeshaanza kuwa kavu kooni, na kesho yake hata ukiipasha moto utajua kwamba imelala.

Sisemi ile skonzi ya madukani kwetu, laini, tamu, iliyoumuliwa kwa hamira na kufungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ile ni mkate mdogo, na asubuhi ina heshima yake. Hii nyingine asili yake ni Uskoti, na hamira haina kabisa. Zamani ilikuwa bonge bapa la shayiri lililochomwa juu ya chuma cha moto, kisha likakatwa robo robo. Kilichoiinua ikawa nene na nyepesi ni baking poda. Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, aliitengeneza ya kwake mwaka 1843 kwa sababu mkewe hakupatana na hamira. Wanaume wengine huwaandikia wake zao mashairi. Yeye alichanganya magadi na asidi.

Viungo havimtishi mtu: unga wa ngano, siagi, baking poda, chumvi, sukari kidogo, maziwa au mtindi. Wengine huongeza yai. Kwa kuwa vitu vyenyewe ni vichache na vya kawaida hivyo, kosa la mpishi halina pa kujificha.

Niliwahi kusimama kando ya kaunta ya mkahawa mdogo huko Devon, nikimtazama mama wa makamo akifanya kazi hii. Aliosha mikono kwa maji ya baridi hata wekundu ukamtoka vidoleni. Siagi aliitoa kwenye friji dakika ile ile, akaikata vipande, akaitupia kwenye unga na kuanza kuisugua kwa ncha za vidole tu, maana kiganja kina joto. Alikuwa akiuinua unga juu ya bakuli na kuuachia udondoke, tena na tena, mpaka ukawa chenga. Akamimina mtindi kwa mara moja, akauchanganya kwa kisu cha mezani, na kabla sijaona kama umeshikana vizuri akaumwaga mezani. Akaupapasa kidogo, ukawa unene wa sentimita tatu hivi. Basi. Ukilitazama donge lile, lenye mashimo na unga mkavu pembeni, ungedhani ameitwa kwenye simu katikati ya kazi.

Lakini kazi ilikuwa imekwisha. Sisi tuliokulia kwenye nyumba za chapati tumefunzwa kukanda mpaka unga uwe laini kama sikio, na mvivu wa kukanda aliumbuka mezani. Skonzi inataka kinyume chake. Ukiukanda unga wa ngano wenye maji, gluteni hujisuka na kuwa nyuzi zinazovutika. Chapati inazihitaji ili isukumike bila kuchanika, ilhali skonzi zikiikamata huwa ngumu na hukataa kupanda. Chenga za siagi nazo hutakiwa zifike motoni zikiwa bado nzima. Zikiyeyuka ndani ya oveni, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kusukuma tabaka zitengane. Mtindi, kwa uchachu wake, huamsha magadi. Kwa hiyo ustadi wote uko katika kujua mahali pa kuacha, na hilo ni gumu kulifundisha, maana vidole vya mwanafunzi siku zote huomba kuongeza kidogo.

Kukata nako kuna adabu yake. Yule mama alichovya kikatio kwenye unga, akakishindilia wima, akakiinua wima. Ukikizungusha, kingo hubanana na skonzi hupanda upande mmoja kama kofia iliyovaliwa na mlevi. Alizipanga karibu karibu kwenye trei, zikasukumana kwenda juu badala ya kutandaa, akaziingiza kwenye moto wa nyuzi 220 kwa dakika kama 12. Vipande vilivyobaki alivikusanya na kukata skonzi mbili za mwisho, zenye sura ya kupinda, akaziweka kando. Hizo, akasema, ni za wafanyakazi.

Tangu siku hiyo natazama kwanza kiunoni. Skonzi nzuri huwa na ufa unaoizunguka katikati, umekwaruka, kana kwamba inakuonyesha pa kuishika. Hapo unaipasua kwa mikono. Ikihitaji kisu, mpishi ameshajieleza.

Katika hoteli moja kubwa ya London, ambayo jina lake naliacha, niliwahi kuletewa skonzi ndogo nne ndani ya kitambaa cheupe kilichokunjwa kwa ufundi kuliko zenyewe. Zilikuwa sawa kabisa, pande zao laini, na zimeshapoa. Nadhani tatizo ni hesabu zaidi ya uzembe. Jiko linalohudumia mamia ya watu kwa zamu, tangu mchana hadi jioni, haliwezi kumsubiri kila mgeni na trei yake. Hotelini unalipia dari, mpiga piano na fedha inayong'aa. Ritz, iliyofunguliwa mwaka 1906, mpaka leo inamtaka mwanamume avae koti ndipo aketi kunywa chai. Nakubali, raha hizo ni za kweli. Ila ninapofuata skonzi yenyewe, naenda palipo na oveni ndogo nyuma ya pazia.

Mikahawa ya chai ina historia inayonivutia kuliko ya hoteli. Kule Glasgow ilistawi pamoja na harakati za kupinga ulevi, na ikawapa wanawake mahali pa kuketi mjini bila kusindikizwa. Kate Cranston alimwachia Charles Rennie Mackintosh asanifu kila kitu katika Willow Tea Rooms, iliyofunguliwa mwaka 1903, hata viti. Kusini zaidi, Harrogate, Mswisi Frederick Belmont alifungua Bettys mwaka 1919, na humo utakuta binamu mnene wa skonzi, mwenye cheri na lozi zilizopangwa usoni mwake kama macho na meno.

Na wapo wanaozitafuta kwa bidii ya kutisha. Sarah Merker alianza mwaka 2013 kuzunguka mikahawa ya National Trust, shirika linalotunza majumba ya kale na mandhari, akionja skonzi kila kituo. Mumewe alianza naye safari, akafariki njiani mwaka 2018. Merker aliendelea, akamaliza mwaka 2023 huko Giant's Causeway, Ireland ya Kaskazini, kwenye skonzi ya 244.

Ugomvi wa kipi kipakwe kwanza juu ya skonzi unajulikana: Devon hutanguliza malai, Cornwall hutanguliza jamu. Mwaka 2018 jumba la Lanhydrock, lililoko Cornwall, lilitoa tangazo lenye malai chini, na wenyeji wakalipuka kwa hasira hata likaomba radhi. Malai yale hupikwa taratibu kwa moto mdogo na kuachwa yagande saa nyingi mpaka yafanye ngozi ya manjano juu. Mafuta yake hayapungui asilimia 55. Mimi niko na Cornwall kwa sababu ya joto tu. Malai yakilala juu ya skonzi iliyotoka motoni huyeyuka kabla hujafika nusu, jamu huyakinga.

Zabibu kavu sizitaki, huiba unyevu na kuungua pembeni. Chai nayo iwe nyeusi, kali, ya maziwa. Kenya ndiyo inayowauzia Waingereza chai nyingi kuliko nchi nyingine, hivyo huenda birika lililo mbele yako limeanzia Kericho. Ukiletewa ile yenye harufu ya maua, irudishe kwa upole uombe ya kawaida. Manukato na jamu ya stroberi havikai kinywa kimoja.