Mkono Kwanza, Mwanga Baadaye

Ugaga ulioganda chini ya ufizi hauonekani kwa macho. Tabibu wa meno anaufuata kwa vidole. Anaegemeza kidole cha pete kwenye jino la jirani ili mkono usiteleze, anateremsha kifaa cha kukwangulia hadi kwenye mzizi, kisha anavuta taratibu huku akisikiliza mguso. Kikiparuza, ugaga bado upo; kikiteleza, mzizi umetakata. Ni kama kuchambua mchele gizani, na mimi naiheshimu kazi hii kuliko mashine yoyote ya kliniki.

Kabla ya kukwangua, amepima kina cha mwanya kati ya jino na ufizi. Kila jino hupimwa sehemu sita kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, kwa hiyo mwenye meno 28 anapimwa mara 168. Milimita tatu si neno. Sita ni shimo lenye bakteria, na kwa mwenye kisukari shimo hilo halina subira: sukari ikipanda, kinga hudhoofika na kidonda huchelewa kupona, nao uvimbe wa fizi huipunguzia insulini nguvu, sukari ikazidi kupanda. Dereva wa lori anayesubiri foleni ya kuvuka Tunduma kuingia Zambia anaweza kutema damu kila asubuhi akipiga mswaki, akadhani ni mswaki mgumu, kumbe ni fizi zilizovimba.

Mzizi ukishatakata, ndipo mwanga unapoingia. Mwaka 1900, mwanafunzi wa Munich, Oscar Raab, aliripoti kuwa aliona vijidudu vya majini vilivyotiwa rangi ya akridini vikifa upesi penye mwanga kuliko gizani. Leo tabibu hudondosha methilini bluu ndani ya shimo la ufizi, husubiri rangi iwashike bakteria, huisuuza iliyozidi, kisha huingiza ncha ya mwanga mwekundu, wa nanomita 660 hivi, kwa takriban dakika moja. Rangi hupokea nguvu ya mwanga na kuipitisha kwa oksijeni, nayo hugeuka kali, ikatoboa ngozi ya bakteria na kutoweka ndani ya sehemu chache za milioni moja ya sekunde. Haifiki mbali, na bakteria hawaizoei kwa urahisi kama dawa za vidonge. Wengi wao hujificha humo kwa kuikimbia oksijeni, sasa inawafuata.

Lakini rangi haipenyi ugaga, na damu huzuia mwanga. Mzizi usipokwanguliwa vizuri, dakika ile imepotea bure. Tafiti kwa wenye kisukari zinaonyesha mwanga huongeza nafuu ndogo tu juu ya ile ya kukwangua, na si zote zinazokubaliana. Kukwangua kwenyewe ndiko kumethibitishwa: baada ya miezi mitatu au minne, kipimo cha damu cha wastani wa sukari hushuka kwa takriban pointi 0.4 za asilimia, tuseme kutoka asilimia 8.4 hadi 8.0. Ningekuwa mpangaji wa bajeti pale Vwawa, mkoa mmoja na Tunduma, ningenunua kwanza vifaa vya kukwangulia vilivyonolewa, na kipima sukari kikae palepale kando ya kiti cha meno.