Pumse baada ya miaka 40: alama zinapatikana wapi?

Katika taekwondo ya kupigana, mtu wa miaka 40 kwa kawaida huwa ameshatundika kimono. Katika pumse, ule mfululizo wa mapigo na vizuizi unaofanywa bila mpinzani, umri huo bado ni wa mashindano. Tangu ubingwa wa kwanza wa dunia uliofanyika Seoul mwaka 2006, waliovuka 40 wana kundi lao, na leo makundi yanafika hadi zaidi ya miaka 65. Mwenye mkanda mweusi wa hapa Goma aliye na miaka 45 ana muda mrefu mbele yake. Namna ya kuutumia inasomeka kwenye karatasi ya mwamuzi.

Alama kamili ni 10. Usahihi una 4.0 na uwasilishaji una 6.0. Katika usahihi, kosa dogo hukatwa 0.1, kwa mfano ngumi iliyopita kidogo mahali pake. Kosa kubwa, kama kufanya hatua isiyokuwemo, hukatwa 0.3. Uwasilishaji hugawanywa sehemu tatu za 2.0 kila moja: kasi na nguvu, mdundo, na uhai unaoonekana machoni, katika pumzi na katika utulivu wa mwili. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa za waamuzi huondolewa, kisha hutafutwa wastani.

Umri hupunguza wepesi wa misuli mapema kuliko nguvu yake. Lakini kasi na nguvu kwa pamoja ni 2.0 tu kati ya 10. Anayezeeka vizuri mchezoni ni yule anayelinda zile 8 zilizobaki.

Tuchukue pumse iitwayo Koryo. Ndani yake kuna teke la pembeni mara mbili kwa mguu uleule: la kwanza chini, usawa wa goti, la pili juu, bila mguu kugusa sakafu. Wengi wa umri huu huukimbilia urefu. Kiuno hakijafunguka, kifua kinaanguka nyuma, mguu wa chini unasogea, na alama zinakatwa kwenye usahihi na kwenye uwasilishaji. Dawa ni kushika ukuta, kupandisha goti kwanza, kuunyoosha mguu polepole na kuuacha hewani. Urefu utakuja nyonga ikishapata nguvu.

Pumse nyingine, Keumgang, haina teke hata moja. Mtihani wake ni kusimama kwa mguu mmoja, goti limekunjwa, mikono ikikinga juu na chini kwa wakati mmoja. Hapa mtu mzima mwenye mapaja imara na akili iliyotulia anaweza kumshinda kijana mwenye haraka. Ila pumse hii ina kukanyaga chini kwa kishindo. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na anayefanyia mazoezi kwenye saruji au mwamba huo atayaumiza magoti. Mazoezi ya kukanyaga yafanyike kwenye tatami au udongo laini, mara chache, na siku nyingine miguu ishuke bila kishindo.

Mdundo nao hufidia kasi iliyopungua. Mabega yakilegea hadi mwisho, kisha kiuno na pumzi vikafunga pigo kwa pamoja, mwamuzi huona kasi kutokana na tofauti kati ya ulaini na ukali. Aliyekaza mwili mwanzo hadi mwisho huonekana mzito hata akiwa mwepesi.

Kwa mji wetu pumse ina faida nyingine: haihitaji kinga ya kifua ya kielektroniki wala mashine ya alama. Mwaka 2020, corona ilipozuia safari, Shirikisho la Dunia la Taekwondo liliandaa mashindano ya pumse kwa njia ya video. Kwa Goma, ambayo uwanja wake wa ndege ulifungwa Januari 2025 waasi wa M23 walipouteka mji, mfano huo una maana kubwa.

Basi viongozi wa klabu, kila mnapoandaa mashindano wekeni kundi la waliovuka 40, hata wakijiandikisha wawili tu. Nanyi mlioacha, rudini na Koryo, na muanze na goti.