Mwenye Nguvu Mpishe

Judo ni mieleka iliyoasisiwa Tokyo mwaka 1882 na Jigoro Kano, mwalimu mwenye umbo dogo. Maana ya jina judo ni njia ya ulaini. Waswahili husema mwenye nguvu mpishe, na judo huanzia hapo hapo: anayesukumwa hurudi hatua moja, akaiacha nguvu ya mwenzake ipite, akaiongoza hadi aliyesukuma ayumbe, kisha akamtupa. Ndiyo maana anayejifunza hufundishwa kwanza kuanguka bila kuumia.

Hata hivyo, ulaini unahitaji mwili wa kuubeba. Pambano la watu wazima huchukua dakika 4, na wakitoshana huendelea bila kikomo cha muda hadi mshindi apatikane. Muda wote huo vidole vimekamata judogi, yaani vazi la judo, mgongo unahimili na nyonga zinanyanyua. Ufundi wa aliyechoka hupungua kabla ya moyo wake.

Ketobeli, tufe la chuma lenye mpini, huvijenga hasa viungo hivyo. Warusi huiita girya, na zamani ilikuwa jiwe la mizani la kupimia nafaka sokoni. Pudi moja, kipimo cha uzito cha Kirusi, ilikuwa takriban kilo 16. Inapobembezwa kutoka katikati ya miguu hadi kifuani, mikono huwa kamba tu. Nyonga ndizo zinazoirusha, kama zinavyomrusha mpinzani katika o-goshi, mtupo wa nyonga. Kuinuka kutoka chini huku chuma kimeshikiliwa juu kwa mkono mmoja hufunza bega na kiwiliwili kutulia pamoja.

Lakini uzito wa mazoezi si lazima utoke dukani, na Kariobangi, jijini Nairobi, ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili. Katika eneo lake la Light Industries mafundi wa jua kali huyeyusha vyuma chakavu na kuvichomelea upya, na katika mitaa ya Eastlands saruji iliyomiminwa kwenye mkebe imetosha kuwa uzito wa mazoezi. Asiye na chuma ana mwili wake: pushapu, kuchuchumaa kwa mguu mmoja, na kujivuta juu kwenye bomba lililotundikwa judogi kuukuu. Kushika kitambaa badala ya bomba huvipa vidole kazi ile ile ya ulingoni.

Ugumu uko katika kugawa siku. Kwa anayecheza judo jioni 3 kwa wiki, mazoezi ya nguvu mara 2, nusu saa kila mara, yanatosha. Yakiangukia siku moja, judo hutangulia, kwa kuwa ufundi hujifunzwa na mwili usiochoka. Kila seti hukatishwa mapema, pakiwa na marudio mawili au matatu ambayo bado yangewezekana. Wiki ya mashindano uzito hupunguzwa. Kazi ya mchana nayo huhesabiwa: fundi aliyeponda chuma tangu asubuhi ameshafanya mazoezi ya nguvu, na anachohitaji ni kunyoosha viungo, kula na kulala.

Thamani ya chuma haipimwi kwa kilo zilizoinuliwa. Hupimwa jioni ya kesho yake, mtu anapokamata judogi ya mwenzake: akiwa mwepesi, chuma kimefanya kazi yake, akiwa mzito, kimezidi. Nguvu ni mtumishi mwema wa judo, na mtumishi hamtangulii bwana wake.