Redio ya Zamani na Suala la Ungwana

Walimu wa Kiswahili wakutanapo, hasa wale waliokwisha kuvuka umri wa miaka arobaini, haupiti muda mrefu kabla ya mmoja wao kuikumbuka redio ya zamani. Atasema kwamba watangazaji wa siku hizi hawaijui lugha, kwamba wanapiga kelele, na kwamba hucheka kabla hawajasema jambo la kuchekesha. Wenzake huitikia. Nami nimewahi kuitikia mara nyingi. Lakini sisi tunaowafundisha vijana uhakiki wa fasihi yatupasa kuihakiki redio kama tunavyoihakiki tamthiliya: nani anasema, anamwambia nani, na kwa umbo gani. Tukifanya hivyo huenda tukaona kwamba twalia kweli, ila hatujui tunachokililia.

Naandika kutoka mashariki ya Uganda, na jambo hili huku kwetu lina uzito wake. Serikali ya Idi Amin ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini wananchi wengi walikijua Kiswahili kwa vinywa vya askari: kwenye vizuizi vya barabarani, kambini, na usiku mlangoni. Hata baada ya utawala ule kuanguka mwaka 1979, wazazi wengi waliendelea kukihesabu kuwa lugha ya kuamriwa na kunyang'anywa. Mimi nilipopata akili, mwishoni mwa miaka ya 1980, redio ya baba ilikuwa ikinasa Nairobi kila jioni. Sauti ya Kenya ilirudia kuitwa KBC mwaka 1989, ingawa wazee wetu hawakuacha kuiita kwa jina walilolizoea. Humo ndimo niliposikia kwa mara ya kwanza Kiswahili kikimwomba mtu radhi. Usiku, hali ya hewa ikiwa nzuri, tuliweza kuipata pia Radio Tanzania Dar es Salaam, na dada zangu walikijua kipindi cha hadithi cha Mama na Mwana kabla hawajamwona Mtanzania hata mmoja.

Sauti zile zilitufikia kwa sababu ya aina ya mawimbi yaliyozichukua. Masafa ya kati, jua likishatua, hugonga tabaka za juu za anga na kurudi ardhini mamia ya kilomita kutoka mtamboni. Masafa mafupi huenda mbali zaidi. Mawimbi ya FM husafiri kwa kunyoka na kuishia karibu na upeo wa macho, yaani makumi ya kilomita tu, na mlima ukiyakinga hayapiti. Yana usafi wa sauti ambao redio ya baba haikuwa nao kamwe, hilo silikatai. Lakini mtangazaji wa masafa ya kati alijua kwamba anasikilizwa na watu asiowajua, katika miji asiyopata kuifika, ambao wengine wao walikuwa wakijifunza lugha kwa kumsikiliza yeye. Ilimbidi achague neno litakalofahamika Lamu na Kakamega, na bila ya kujua, Tororo pia. Mtangazaji wa FM huzungumza na mji wake. Akitumia lugha ya vijana wa mtaani hajakosea, maana ndio anaoongea nao. Sisi ndio tuliotoka nje ya baraza.

Nichukue kipindi kimoja nikichambue. Leonard Mambo Mbotela alianza kutangaza Je, Huu ni Ungwana? katika Sauti ya Kenya mwaka 1966, na kipindi hicho kikaishi zaidi ya miaka 50. Umbo lake lilikuwa jepesi mno. Mtangazaji alieleza tendo la mtu fulani asiyetajwa jina, mathalani yule aazimaye kitu cha jirani asikirudishe. Akalizungusha tendo hilo, akalitazama upande huu na huu, kisha akauliza swali lililo katika jina la kipindi. Swali halikujibiwa kwa niaba ya msikilizaji. Ukimya uliolifuata ulikuwa sehemu ya kipindi, na nyumbani kwetu katika ukimya huo ndipo baba alipokohoa, kwa kuwa alikuwa na patasi ya jirani tangu Krismasi.

Neno lenyewe lilistahili kuchaguliwa. Mwungwana, katika Kiswahili cha kale cha miji ya pwani, ni mtu aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa. Ungwana ulikuwa nasaba kwanza, na mwenendo ukafuata nyuma. Sasa tuangalie ni nani aliyekuwa akiuliza. Mbotela alikuwa mtoto wa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa (1934), kitabu kinachosimulia habari za watumwa waliokombolewa na kukaa Freretown, karibu na Mombasa. Mtu wa ukoo huo anauchukua ungwana, neno lililowahi kutumiwa kuwafungia mlango watu wa aina ya babu zake, na kuliuliza taifa zima kila juma kama linao. Katika swali lake hamna nasaba hata chembe. Kabwela aliyerudisha patasi ni mwungwana, na tajiri aliyeikalia siye. Sidhani kwamba sisi walimu tumepata kulifundisha neno hili vizuri kuliko kipindi kile kilivyolifundisha, na kwetu Uganda, ambako Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya ushenzi wa askari, kukisikia kikiulizia ungwana lilikuwa jambo kubwa kuliko watangazaji wa Nairobi walivyoweza kufikiri.

Hata hivyo, anayeisifu redio ile bila kusema upande wake wa pili anadanganya. Ilikuwa sauti moja, mali ya serikali, na aliyeushika mtambo aliishika sauti hiyo. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kuipindua serikali ya Kenya, walimwendea Mbotela huyu huyu na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imeangushwa. Wasikilizaji waliamka wakaisikia sauti waliyoizoea ikisema maneno yasiyo yake. Na wazee wetu huku hawakuisahau Januari 25, 1971, siku Radio Uganda ilipomtoa askari hewani asome sababu za mapinduzi. Mapenzi yetu kwa sauti moja iliyowafikia wote yanapaswa kubeba na tarehe hizo.

Kisha milango ikafunguliwa. Uganda ilipata vituo vyake vya kwanza vya watu binafsi mwaka 1993, Tanzania ikafuata na Radio One mwaka 1994, na Kenya ikapata Capital FM mwaka 1996. Katika miji yetu vilizuka vituo vingi, na karibu vyote vikachagua Kiingereza, Kiganda au lugha nyingine za wenyeji. Kiswahili hakikufukuzwa na mtu. Hakuna aliyekiwekea kiti.

Umbo jipya lililoshika vituo vya Kiswahili vya Kenya ni lile la watangazaji wawili wa asubuhi na simu ya msikilizaji. Mfano wake mashuhuri ni Patanisho cha Radio Jambo: mtu hupiga simu akiomba apatanishwe na mke au mume waliyekosana, naye huyo mwingine hupigiwa simu, na nchi nzima husikiliza. Wapo walimu wanaokidharau. Mimi nimekisikiliza kwa simu ya mkononi, kila nilipokuwa na fedha za kununua bando, na nakiri kwamba humo mna Kiswahili ambacho redio ya zamani haikuturuhusu kukisikia: Kiswahili cha mwanamke wa kijijini anayekataa, anayegeuza maneno ya mumewe na kumrudishia, anayenyamaza kwa makusudi. Kwa mafundisho ya mazungumzo ni hazina. Redio ya zamani ilizungumza vizuri, lakini watu kama huyo mama iliwasomea barua zao tu, au salamu zao kutoka katika kadi.

Kinachonisumbua ni mahali anapowekwa msikilizaji. Vipindi vyote viwili vinahusu mwenendo. Cha kwanza kilimficha mkosaji ili kila mmoja wetu ajitafute ndani yake. Cha pili humtoa hadharani, kwa sauti yake, na msikilizaji hubaki pembeni akiamua kosa ni la nani. Ni starehe kubwa, na hakuna anayelazimika kukohoa. Kwa mwanafunzi wa lugha tofauti hii si ndogo, kwa kuwa aliyelelewa na umbo la pili hujua kujibizana kwa Kiswahili, ila umwambie aeleze wazo moja kwa aya tatu atakutazama tu.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliazimia kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, na madarasa yetu yamejaa watoto ambao hawakupata kukisikia kikitoka redioni nyumbani. Mbotela alipofariki dunia Februari 2025, niliwaeleza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu juu ya kipindi chake, kisha nikawatungia kisa kwa mtindo ule ule, cha mtu na patasi ya jirani, nikamalizia kwa swali. Nilingoja. Kijana mmoja wa nyuma akainua mkono akataka kujua mtu huyo ni nani hasa. Nikamjibu kwamba katika kipindi kile watu hawakutajwa majina. Alifikiri kidogo, akauliza, "Sasa, mwalimu, walimpigiaje simu?"