Kidole cha Mwisho cha Mkono wa Kushoto

Herufi A, katika kibodi ya kompyuta, imewekwa pembezoni kabisa upande wa kushoto, chini ya kidole cha mwisho, ambacho kwa maumbile ni dhaifu kuliko wenzake, na ambacho aghalabu mja hupitisha umri wake wote bila ya kukitwika kazi yoyote peke yake. Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, aliyebuni mpangilio huo, na kampuni ya Remington iliyoanza kuuza mashine yake mwaka 1874, hawakuwa na habari ya lugha yetu, wala sioni haki ya kuwalaumu; lakini sisi tuandikao Kiswahili tumerithi mashine ambayo herufi tunayoihitaji kuliko zote imekabidhiwa kidole kisichoweza. Andika methali moja tu, haba na haba hujaza kibaba, kisha uhesabu: herufi ni 22, na tisa katika hizo ni A. Methali hiyo imezidi kawaida, nakiri. Hata hivyo chukua barua yoyote ya nyumbani, uhesabu herufi zake kwa subira, nawe hutapata A pungufu ya moja katika kila tano.

Nimeyafikiri hayo hapa Mbangala, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ambako riziki ya watu wengi imefungamana na maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo wa dhahabu na makarasha yasagayo mawe yao. Mtu anaweza kuuliza kibodi ina haja gani mahali kama hapa. Jawabu liko Tunduma, mpakani, ambako tangu mwaka 2019 Tanzania na Zambia zina kituo cha pamoja cha forodha: huko lori lililosheheni shehena ya Kongo halisogei hatua moja mpaka karani wa wakala awe amekwisha kuandika maelezo ya mzigo kwenye kompyuta, na katika kila steshenari ya mji ule utamkuta mkulima wa kahawa aliyetoka Mbozi amekaa kwenye benchi, akimngojea kijana awinde herufi za barua yake moja moja kwa vidole viwili vya shahada, ilhali vidole vinane vilivyobaki vimekaa kama wageni wasiotengewa chakula.

Zamani ujuzi huo ulikuwa ni elimu ya watu maalumu. Mafunzo ya uhazili, ambayo hata leo ndiyo mlango wa kazi ya Katibu Mahsusi, na ambayo matangazo ya kazi serikalini huyataja pamoja na hatimkato ya maneno 80 kwa dakika moja, yalimweka mwanafunzi mbele ya taipureta kwa miezi mingi akirudia safu ya katikati, a-s-d-f kwa mkono wa kushoto na j-k-l kwa mkono wa kulia, mpaka vidole vyenyewe viyajue makao yao bila ya kuuliza macho. Kwamba jambo hilo lawezekana lilidhihirika zamani, mwaka 1888, katika mji wa Cincinnati, pale Frank McGurrin alipoandika mbele ya hadhara pasipo kutazama vibonye akamshinda mpinzani wake Louis Traub. Na tangu siku hiyo shabaha ya kila mwalimu wa fani hii imekuwa ni moja, kuyaondoa macho kwenye mikono. Lakini njia ya kuifikia shabaha hiyo ilikuwa kavu mno. Mtu mzima mwenye mshahara mbele yake huvumilia kuandika asdf mara mia tano. Mtoto wa miaka kumi havumilii, wala sioni kwa nini avumilie.

Hapo ndipo michezo ilipoingia. Mwaka 1987 ilitoka Marekani programu ya Mavis Beacon, iliyochanganya masomo na mashindano, na bibi aliyepamba jalada lake watu wengi walimdhania kuwa ni mwalimu wa kweli, ingawa hakuwapo mwalimu wa jina hilo duniani. Baadaye zikaja programu huru zisizouzwa: GCompris, iliyoanzishwa na Bruno Coudoin wa Ufaransa mwaka 2000, ambamo herufi na maneno huteremka kutoka juu ya kioo, na Tux Typing, ambayo mhusika wake ni Tux, ngwini aliye nembo ya Linux. Hii ya pili ndiyo niliyoiweka katika laptopu moja kuukuu, itumiayo umeme wa sola, kwa ajili ya wapwa zangu wawili, msichana wa miaka kumi na mbili na nduguye wa miaka tisa. Nikaichagua kwa sababu haihitaji intaneti, haidai malipo, na zaidi ya yote kwa sababu ambayo nitaieleza punde.

Ufundi wa mchezo wenyewe ni mwepesi kueleza. Samaki huanguka kutoka juu, kila mmoja amebeba herufi yake, na wakati mwingine samaki kadhaa hushikamana wakafanya neno. Mchezaji akiibonyeza herufi au akalikamilisha neno kabla halijafika chini, ngwini hukimbia akamla samaki, na akichelewa, samaki hupotea. Katika mchezo mwingine wa programu hiyo hiyo vimondo vyenye maneno huiangukia miji, na mwenye kuandika upesi huilinda. Ukiyatazama hayo kwa jicho la mwalimu utaona hekima iliyofichika ndani ya upuuzi wa samaki: kitu kinachoanguka hakiwezi kuachwa bila ya kutazamwa, na maadamu macho yamekazwa juu ya kioo, hayapati wasaa wa kushuka kwenye vibonye. Kazi iliyokuwa ikifanywa na kitambaa cha mwalimu wa uhazili, kilichofunika mikono ya mwanafunzi, sasa inafanywa na hamu ya mtoto mwenyewe. Tena adhabu ya kosa ni ndogo na ya papo hapo, samaki mmoja, na mwingine yuko njiani. Hakuna fimbo, hakuna alama nyekundu, hakuna aibu mbele ya wenzake.

Juma la kwanza, hata hivyo, lilinifadhaisha. Maneno yaliyoanguka yalikuwa ya Kiingereza, na wapwa zangu, ambao Kiingereza chao bado ni kichanga, hawakuyaona kama maneno bali kama mafungu ya herufi zisizo na undugu. Wakayaandika herufi kwa herufi, wakisita baada ya kila moja, kwa kuwa akili haikuweza kuitangulia mikono. Kuandika upesi ni kulijua neno kabla hujalimaliza. Isitoshe, vidole vyao vilifunzwa njia ambazo Kiswahili hakizipiti: vikazoezwa Q na X, ambazo hatuna, na mafungu ya konsonanti mwishoni mwa maneno, ilhali maneno yetu ya asili humalizikia kwa vokali. Mchezo hufundisha lugha ya aliyeandika orodha ya maneno, na hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mwalimu wa kompyuta alishike.

Sababu niliyoahidi kuieleza ni hii: orodha za Tux Typing ni mafaili ya maandishi matupu, jina la orodha katika mstari wa kwanza na neno moja moja katika mistari inayofuata, wala mtu hahitaji kuwa fundi wa programu ili aandike ya kwake. Nchi hii ina mfano mkubwa zaidi wa juhudi ya namna hiyo: Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili kutoka menyu ya kwanza hadi ya mwisho. Na kati ya 2017 na 2019, katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, watoto walijifunza kusoma na kuhesabu kwa michezo ya Kiswahili ndani ya tableti, katika shindano la Global Learning XPRIZE ambalo Kitkit School na onebillion waligawana ushindi wake. Lakini tableti huguswa kiooni kwa kidole kimoja, na kibodi haina nafasi humo. Mlango wa kibodi ulibaki kwetu.

Nilianza na safu ya katikati peke yake, nikiuliza ni maneno gani ya Kiswahili yanayoweza kuandikwa kwa A, S, D, F, G, H, J, K na L bila ya kukinyanyua kidole kwenda safu nyingine. Nilitazamia machache, yakaja kwa wingi: dada, kaka, saa, haja, kasha, shaka, ghala, jalada, hadaa, fadhaa. Kisha likanijia jambo lililonifurahisha kuliko yote katika kazi hii, kwamba kiambishi -ka-, ambacho kwacho Kiswahili husimulia hadithi zake zote, kinakaa kizima juu ya safu hiyo, kikiwa na K mkono wa kulia na A mkono wa kushoto, kwa hiyo mtoto ambaye hajajifunza zaidi ya vibonye tisa aweza tayari kusimulia kisa: dada akasaga, kaka akadaka, kaka akakaa, dada akalala. Siku ya pili watoto waliacha kuiita kazi hiyo zoezi, wakaiita hadithi.

Safu ya juu ilidai fikira zaidi, kwa kuwa E, U, I na O ziko huko zote, na bila ya hizo hakuna Kiswahili. Hapo nilirudi kwenye silabi, maana mtoto wetu aliyefundishwa kusoma kwa ma, me, mi, mo, mu huiona silabi kama kitu kimoja, na kidole hufuata jicho. Nikaichukua kila silabi nikaichungua ni vidole gani vinavyoiandika. Na, ma, ka na la ni nyepesi, kwa sababu mikono miwili hupokezana kama watwangaji wawili katika kinu kimoja. Lakini ki, ambayo huanzia jina la lugha yenyewe, huandikwa kwa kidole cha kati cha kulia peke yake, kikibonyeza K kisha kikipanda kwenye I. Lo hukipandisha kidole cha pete vivyo hivyo. Hu na ju ni mzigo wa kidole cha shahada, na nu na mu ni taabu kuliko hizo, kwani kidole hicho hicho hutoka safu ya chini kikaruka ile ya katikati mpaka ya juu. Na za, neno tunalolitumia kila saa, ni Z na A kwa kidole kile kile cha mwisho cha kushoto, mnyonge wetu. Orodha za Kiingereza hazina sababu ya kuzizingatia silabi hizi. Mimi nikazitungia kila moja orodha yake: kikoi, kisiki, kikiki. Huku, huzuni, humu. Mume, muhula, muziki. Zawadi, zama, kuzaa.

Makosa sikuyakosa. Neno la Kiswahili hukua kwa viambishi mpaka likawa sentensi, na mchezo haubagui: wamekwisharudi huanguka kwa mwendo ule ule wa mti, naye mdogo akalia machozi ya kweli kwa ajili ya samaki asiyeweza kumfikia. Kipimo cha dunia cha mwendo wa kuandika huhesabu kila mapigo matano kuwa neno moja, na kwa kipimo hicho neno lile ni karibu maneno matatu. Nikayatenga maneno kwa urefu, mapigo manne kwanza, sita baadaye, kumi mwisho. Kosa la pili lilikuwa la hila zaidi. Nilijaza orodha moja vitenzi vya wana-: wanalima, wanapika, wanacheza, wanasoma, na yalipoanguka matatu kwa pamoja, watoto wakaganda. Kiingereza huonyesha tofauti ya maneno mwanzoni mwake, ilhali sisi mara nyingi huificha katikati, baada ya viambishi, na jicho lilibidi lipite herufi nne zilizo sawa kabla ya kujua ni samaki yupi. Nikachanganya ngeli: jembe, ugali, kisu, mlango, nyota. Wakaendelea.

Liko pia jambo ambalo mchezo hauwezi kabisa, nalo ni kukiona kidole. Kompyuta hujua kwamba A imebonyezwa. Haijui kama imebonyezwa na kidole cha mwisho au na cha shahada kilichosafiri kutoka mbali. Mwenye vidole viwili vyepesi hushinda ngazi ya kwanza kwa sifa, na ushindi huo humdhuru, kwani huimarisha tabia atakayoilipia baadaye. Kwa hiyo nilikaa ubavuni mwao, nikitazama mikono tu, na dada yangu akatoa kitenge, tukakitandika juu ya mikono na kibodi pamoja. Bila ya mtu mzima kukaa hapo kwa dakika kumi na tano kila jioni, nasema kwa yakini, programu hii ni ya kuburudisha tu.

Ile ng' ya ng'ombe niliiacha nje ya mchezo, tukaizoeza katika ukurasa mtupu, kwa sababu ritifaa iko chini ya kidole cha mwisho cha kulia na hudai mwendo wa peke yake. Ijumaa iliyopita msichana aliniambia, "Mjomba, leo sitaki samaki," akaandika barua kwa baba yake aliye kwenye duara, mistari sita, kitenge kikiwa juu ya mikono yake toka mwanzo hata mwisho. Habari za nyumbani zilikuwamo zote, na ng'ombe alikuwamo pamoja na ritifaa yake. Mahali pawili tu, palipotakiwa Z, kidole kilipitiliza kikaandika X. Na za ndiyo silabi ninayoiongezea maneno usiku huu.