Sodiamu, si Lithiamu: Ioni Zinavyonasa Hewa ya Ukaa

Hadi mwaka 2015 miji ya Kaniama na Manono, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilikuwa katika jimbo moja, Katanga. Jimbo lilipogawanywa, Kaniama ikabaki Haut-Lomami na Manono, upande wa mashariki, ikawa ya Tanganyika. Manono ilijulikana kwa bati tangu enzi za Wabelgiji; siku hizi inatajwa kwa lithiamu.

Watu wakisikia lithiamu hufikiria betri. Metali hiyo ina kazi nyingine, tena ya kuokoa maisha: mashine nyingi zinazochuja oksijeni kutoka hewani hutumia punje za zeolaiti iliyotiwa lithiamu. Naitrojeni hunaswa kwenye punje, oksijeni hupita kwenda kwa mgonjwa. Je, lithiamu hiyohiyo ndiyo bora pia kwa kunasa hewa ya ukaa?

Zeolaiti ni madini ya silikoni, aluminiamu na oksijeni, yenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila aluminiamu inapokaa mahali pa silikoni, kiunzi hupata chaji hasi, na lazima ioni ya metali yenye chaji chanya ije kuisawazisha. Ioni hiyo ni kama mpangaji: inaweza kuhama na nyingine ikaingia, nyumba ikabaki ileile. Unga wa zeolaiti hulowekwa katika maji moto yenye chumvi ya metali inayotakiwa, huoshwa, hulowekwa tena mara kadhaa, kisha hukaushwa kwa joto la nyuzi mia kadhaa mpaka maji yote yatoke vitunduni.

Molekuli ya hewa ya ukaa ina chaji hasi kidogo kwenye ncha zake mbili na chanya katikati. Ioni huivuta kwa ncha. Mwaka 2006 Krista Walton na wenzake walichapisha majaribio ya zeolaiti za aina ya X na Y zilizobadilishwa ioni moja baada ya nyingine: lithiamu, sodiamu, potasiamu, rubidiamu, seziamu. Ioni ndogo zilinasa zaidi. Seziamu ilishika mkia. Ioni ndogo huvuta kwa nguvu kwa kuwa chaji yake imekusanyika mahali padogo, na pia haijazi kitundu.

Katika zeolaiti X, hata hivyo, lithiamu haikuiacha sodiamu mbali. Hilo ndilo jambo la kushika. Zeolaiti 13X, ambayo ni ya sodiamu, hunasa karibu gramu 0.2 za hewa safi ya ukaa kwa kila gramu yake, katika joto la kawaida na kanieneo ya kawaida ya hewa. Na sodiamu ni rahisi mno kupatikana.

Kalisiamu ina chaji mbili, kwa hiyo hukamata hata pale hewa ya ukaa ilipo haba. Chombo cha anga cha Skylab, kilichorushwa mwaka 1973, kilisafisha pumzi za wanaanga kwa zeolaiti 5A yenye kalisiamu. Lakini kinachokamatwa kwa nguvu huachiwa kwa shida, na nishati ya kuachia ndiyo gharama kubwa ya kazi hii. Skylab ilikuwa na utupu wa anga bure nje ya ukuta. Kiwanda cha duniani hulipia pampu au joto.

Potasiamu nayo hufanya kazi ya mlangoni. Ni kubwa, hubana njia. Mwaka 2010 watafiti wa Stockholm walionyesha kwamba katika zeolaiti A ya sodiamu, potasiamu ikichukua takriban asilimia 17 ya ioni, hewa ya ukaa hupita na naitrojeni, iliyo nene kidogo, hukwama.

Adui wa zote ni maji. Molekuli za maji huwahi kushika ioni, na hewa ya ukaa hukosa nafasi. Ndiyo sababu Skylab ilikausha hewa kwanza kwa 13X. Katika eneo lenye masika marefu kama Haut-Lomami, mtambo usio na hatua hiyo ungeshindwa mapema.

Kwa kunasa hewa ya ukaa, basi, lithiamu ya Manono haihitajiki. Ibaki kwenye oksijeni na betri. Zeolaiti A yenye sodiamu hutengenezwa kwa kaolini iliyochomwa, ikachemshwa polepole na magadi makali ya sodiamu hidroksaidi. Walimu wa kemia wa Kamina na Lubumbashi, lipeni jaribio la kuitengeneza nafasi maabarani: tanuri, mizani na uangalifu vinatosha kulianza.